Kinga moja, wenyewe wawili

Zamani Katanga haikuweza kutegemea farasi. Nzi wa tsetse alikuwa akimuambukiza ugonjwa, anakonda, anaishiwa nguvu, anakufa. Na ng'ombe vilevile. Ndiyo maana shaba na chumvi vilisafiri juu ya mabega ya watu, siku nyingi njiani, mpaka reli kutoka kusini ilipofika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910.

Lakini reli ilijengwa kwa ajili ya madini. Makala ya kupikia huko Katuba na Kenya haikuyaleta. Kazi hiyo ilikuja kushikwa na kinga. Yenyewe haiogopi tsetse, tena ikivunjika inatengenezwa.

Bei yake, basi, ni nzito kwa mfuko mmoja. Kwa hiyo watu wawili wanachanga, kisha wanapokezana: safari hii ni yako, ijayo ni yangu. Kupokezana kwa siku hakufai, maana kwenda porini na kurudi na mizigo kunaweza kupita siku moja. Penye ugomvi ni tairi. Limepasuka kwa zamu ya nani, na lilikuwa limechakaa tangu zamu ya nani?

Kwa familia zilizokimbia vita vya Mitwaba na Pweto swali ni zito zaidi. Siku mmoja akitaka kurudi kijijini, kinga haikatwi katikati. Afadhali bei ya nusu iandikwe mapema, shefu wa kartie akiwa shahidi, wakati wote wawili wangali wanacheka pamoja.