Toyota: Jina Lililoanzia kwenye Uzi

Hapa Mombasa, gari la mtumba likishuka bandarini, swali la kwanza ninalolisikia ni: "Ni Toyota?" Jina hilo halikuanza na magari. Sakichi Toyoda alikuwa fundi wa mashine za kufuma nguo. Mtambo wake wa 1924 ulisimama wenyewe uzi ukikatika. Mwanawe, Kiichiro, akaanzisha kampuni ya magari mwaka 1937. Corolla ilitoka 1966, na Hiace, matatu yetu, 1967. Viwandani mwao kanuni ikabaki ile ile: kasoro ikionekana, kazi isimame. Hata hivyo, mwaka 2010 Akio Toyoda aliomba radhi mbele ya Bunge la Marekani, mamilioni ya magari yakiwa yamerudishwa kurekebishwa. Basi ndugu yangu, jina zuri halikagui breki. Nenda na fundi, ndipo utoe pesa.