Mshindi Naye Hukopa

Kimongolia na Kizulu si ndugu. Mzulu husema umuntu, wakiwa wengi abantu, kama sisi tusemavyo mtu na watu. Badiliko liko mwanzoni. Mmongolia hubadili mwishoni: nom ni kitabu, nomuud ni vitabu.

Lakini historia zao zakutana. Chinggis Khan alipowashinda Wanaiman mwaka 1204, Wamongolia walichukua kwao maandishi ya Kiuiguri. Wazulu nao wamerithi vidoko, viandikwavyo c, q na x, kutoka kwa Wakhoi na Wasan, ambao lugha zao nyingi zimekwisha kufa.

Twahesabu vita na wafalme tu. Kumbe aliyeshindwa, hata kaburi lake lisipojulikana, huenda angali anasema kinywani mwa mshindi.