Santuri Iliyozaliwa Mara ya Pili

Msomaji, ukipita Kengeleni, hapa Frere Town, utaiona kengele ya kale iliyopapatia mahali hapa jina. Watu waliokombolewa utumwani, waliowekwa hapa tangu mwaka 1875, waliisikia ikilia kuwaonya kuwa hatari inakuja. Kengele ikigongwa leo italia tena. Lakini sauti ya mwanadamu je? Ikishatoka kinywani haina marejeo, ila inaswe na kutunzwa.

Tutazame mfano wa jirani yetu. Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa Unguja mtoto wa Kiparsi, Farrokh Bulsara. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, alihamia Uingereza pamoja na jamaa zake, na baadaye akajulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury. Enzi hizo wapiga roki wengi wa huko walivaa mavazi ya kumetameta. Yeye na wenzake watatu wa bendi ya Queen walitoa santuri yao ndefu ya kwanza mwezi wa Julai, 1973. Kwa kuwa hawakuwa na fedha, walirekodi katika studio ya Trident, London, saa ambazo wenye kulipa hawapo. Kazi ilipokwisha hawakuridhika: ngoma zilisikika kavu, na wimbo mmoja, “Mad the Swine”, uliachwa nje.

Mercury alifariki mwaka 1991. Hata hivyo, mwaka 2024 santuri hiyo ilitolewa upya kwa jina la Queen I. Mafundi walizirudia kanda za mwanzo, wakaziunganisha sauti upya; ngoma zikapata mlio uliotakiwa, na wimbo ulioachwa ukarudishwa. Mashine za kisasa zilisaidia sana, lakini kama kanda zisingalitunzwa, zingalisaidia nini? Kinu kizuri hakimfai mwenye ghala tupu.

Na sisi je? Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Mombasa nayo ilitoa santuri zake, kama zile za Mzuri. Huenda moja imo katika sanduku la bibi yako, imejaa vumbi. Usiitupe. Ifute kwa kitambaa laini, uisimamishe wima mahali pasipo jua, kisha umwulize bibi ni nani aimbaye, nawe uandike jibu lake. Historia haikai vitabuni tu. Nyingine imechorwa katika mifuo ya santuri, nayo yamngoja mwenye kuitunza.