Dhahabu ya Rhine na dhahabu ya Sekenke

(Mazungumzo haya yalisikika redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya dhahabu. Sisemi habari za bei yake sokoni, maana hizo mnazijua kuliko mimi. Nataka tuzungumze juu ya dhahabu inayoimbwa, na jinsi inavyoonyeshwa katika filamu ambazo mtu anaweza kuzitazama akiwa amekaa sebuleni kwake.

Kuna Mjerumani mmoja, Richard Wagner, aliyetunga opera nne zinazofuatana, akaziita kwa jina moja: Pete ya Mnibelungu. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wachezaji wake huimba badala ya kusema, na okestra huwafuata. Wagner alianza kazi hiyo mwaka 1848 akaimaliza mwaka 1874. Opera zote nne zilichezwa pamoja kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1876 katika mji mdogo wa Bayreuth, ndani ya ukumbi alioujenga kwa ajili hiyo. Ukizitazama zote bila kupumzika, zitakuchukua kama saa 15.

Mtu atauliza: sisi wa Singida tuna jambo gani na Bayreuth? Nami nasema, jambo lipo. Wagner alifariki mwaka 1883. Mwaka uliofuata Carl Peters alifika pwani yetu na karatasi zake za mikataba, na mwezi Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Mwaka 1907 dhahabu ikagunduliwa Sekenke, huko Iramba, na mwaka 1909 mgodi ukaanza kazi. Watu waliozaliwa wakati Bayreuth ikisherehekea hadithi ya dhahabu iliyoporwa ndio waliokuja kuichimba dhahabu yetu. Basi hadithi hiyo si ya wageni kabisa kwetu.

Na hadithi yenyewe ni nyepesi kuifuata. Chini ya mto Rhine kuna dhahabu inayolindwa na mabinti watatu. Bwana mmoja mfupi, Alberich, wa kabila la Wanibelungu wanaoishi chini ya ardhi, anawatongoza na wanamcheka. Kwa hasira anaapa kuachana na mapenzi maisha yake yote, anaiba dhahabu na kuifua pete yenye uwezo wa kutawala dunia. Kisha anawafanya ndugu zake watumwa, wamchimbie zaidi.

Huku juu, mkuu wa miungu, Wotan, amejengewa jumba kubwa na majitu mawili. Nyumba imekwisha, mafundi wanadai chao, na mwenye nyumba anaanza kuzungusha maneno. Mkandarasi yeyote wa nchi hii anayasikia maneno hayo kila mwisho wa mwezi! Mwishowe Wotan anashuka chini kwa Wanibelungu, anamteka Alberich kwa hila, ananyang'anya dhahabu yote na pete juu yake, na kuwalipa mafundi kwa mali ya wizi. Alberich anailaani pete. Fundi mmoja anamuua mwenzake papo hapo, na damu haikauki mpaka opera ya nne inapokwisha.

Sasa tuje kwenye filamu. Kwa miaka mingi kuiona kazi hii kulihitaji kusafiri na kununua tiketi ya bei kubwa. Televisheni na video ndizo zilizoileta majumbani. Sisi tulichelewa kidogo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Siku hizi, kwa diski za DVD na kwa intaneti, mtu wa Singida anaweza kuwa na Pete tatu au nne rafuni na kuzilinganisha kama anavyolinganisha vitambaa dukani. Nami nimefanya hivyo, nikizipitia moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni ile ya Bayreuth iliyoongozwa na Mfaransa Patrice Chéreau. Ilichezwa kuanzia mwaka 1976, miaka 100 baada ya ile ya kwanza. Kiongozi wa okestra alikuwa Mfaransa mwenzake, Pierre Boulez. Chéreau alikuwa na umri wa miaka 31 tu. Mahali pa mto wa kupendeza aliweka bwawa la kufulia umeme, na miungu akaivika nguo za matajiri wa karne ya viwanda. Watazamaji wengi walikasirika, wakapiga mbinja na kelele ukumbini. Lakini ilipochezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1980 walishangilia kwa zaidi ya saa moja. Ilirekodiwa mwaka 1979 na 1980, na Waingereza wakaionyesha kwenye televisheni yao mwaka 1982, tendo moja kila juma, kama mchezo wa redio unaoendelea.

Ya pili ni ya Metropolitan Opera ya New York, iliyoongozwa na Otto Schenk, na okestra chini ya James Levine. Televisheni ya Marekani iliionyesha mwezi Juni 1990, usiku nne mfululizo. Hapa kila kitu kiko kama Wagner alivyokiandika: mto ni mto, pango ni pango, joka ni joka. Jambo la kuvutia ni kwamba aliyesimamia kamera katika filamu hii na ile ya Chéreau ni mtu mmoja, Brian Large. Basi ukiona tofauti, usiseme ni ya kamera. Ni ya mawazo.

Ya tatu ni ya Bayreuth tena, iliyoongozwa na Harry Kupfer kutoka Ujerumani Mashariki, na Daniel Barenboim akiongoza okestra. Ilianza mwaka 1988, ikarekodiwa mwaka 1991 na 1992. Jukwaa lake ni barabara ndefu inayopotelea gizani, kama dunia baada ya balaa.

Ya nne ni ya Copenhagen, Denmark, ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kasper Bech Holten. Huyu anasimulia hadithi nzima kwa macho ya mwanamke, Brünnhilde, binti wa Wotan. Tunamkuta akipekua nyaraka za zamani, akitafuta yaliyompata yeye na jamaa zake.

Watu wanaozilinganisha filamu hizi huuliza maswali ya kawaida: nani kaimba vizuri zaidi, okestra gani ina uzito, sauti imerekodiwaje. Ni maswali ya haki. Lakini mimi ni mtu wa Singida, na ninalo swali jingine. Nauliza: katika filamu hii dhahabu inatoka wapi, na wanaoichimba wanaonekana?

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Tazama basi onyesho la tatu la opera ya kwanza, pale Wotan anaposhuka chini ya ardhi. Wagner aliandika kwamba zigongwe fuawe 18 kwa mpigo, hata kabla ya watu kuonekana. Unasikia nyundo tu. Jioni moja nilitazama onyesho hilo na kijana wa jirani aliyewahi kufanya kazi Sekenke kwenye maduara na kwenye karasha. Aliposikia zile nyundo aliinua kichwa. Kisha wale Wanibelungu wakatokea wamebeba mali mgongoni, Alberich akiwafokea. Kijana akauliza, "Mzee, hawa wanalipwa na nani?" Nikamwambia hawalipwi. Akanyamaza, akaendelea kutazama mpaka mwisho, naye Kijerumani hajui hata neno moja.

Katika filamu ya Schenk, Wanibelungu ni vijitu vya hadithi vinavyopiga mayowe pangoni. Ni picha nzuri, na mtoto atafurahi. Lakini wakishaondoka unawasahau, maana si watu. Katika ya Chéreau ni vibarua. Wana migongo iliyopinda na nguo za kazi, na Wotan anapowapita katika koti lake zuri unaona aibu kwa niaba yake. Unajua kwamba jumba lake limelipiwa na hawa, ingawa hakuna hata mmoja atakayeingia ndani.

Filamu ya Copenhagen inakwenda mbali zaidi. Dhahabu yenyewe ni mtu, kijana anayeogelea majini, na Alberich anaiba kwa kumtoa moyo wake. Wotan naye, ili aipate pete, anamkata Alberich mkono. Mara ya kwanza niliona ni ukatili usio wa lazima. Nilipolifikiri zaidi, niliona mwongozaji amesema ukweli mmoja kwa lugha ngumu: dhahabu haitoki mahali ila pamoja na sehemu ya mwili wa mtu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka sarafu ya Tabora. Ndugu msikilizaji, mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa na vita, fedha kutoka kwao haziji. Wakaichukua dhahabu ya Sekenke, wakaipeleka Tabora, na kule kwenye karakana ya reli wakapiga sarafu za rupia 15. Zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000, kila moja gramu 7 na ushei. Upande mmoja wana tai wao. Upande wa pili kuna tembo ameinua mkonga mbele ya milima. Mwezi Septemba mwaka huo huo Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji. Leo sarafu hizo zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, na zinauzwa minadani kwa bei inayozidi sana uzito wa dhahabu yake.

Tai yumo, tembo yumo. Aliyeshika sururu kule Iramba hayumo. Katika kuisoma habari ya sarafu hiyo nimekutana na majina ya maofisa na habari za mitambo, lakini wale walioutoa mwamba ardhini wanatajwa kwa neno moja tu: vibarua. Ni kama filamu ya Schenk. Nyundo zinasikika, halafu tunapanda juu na miungu.

Tena tazama mwisho. Katika opera ya nne jumba la miungu linaungua, mto Rhine unafurika, na mabinti wanairudisha dhahabu yao. Schenk anatuonyesha moto na maji, basi. Chéreau anaweka umati wa watu wanaoutazama moto, kisha wanageuka taratibu na kututazama sisi tuliokaa. Kupfer anaweka watu waliovaa nguo za karamu, wamezunguka televisheni, wanatazama dunia ikiteketea kama mtu atazamavyo mpira. Katikati yao watoto wawili, mvulana na msichana, wanatafuta njia kwa tochi. Nani asiyejiona hapo, akiwa na kikombe cha chai mkononi mbele ya kioo? Na ile ya Copenhagen inambakiza Brünnhilde hai, na mtoto mchanga mikononi.

Kwa hiyo mkiniuliza nunue ipi, nitajibu hivi. Kama una watoto na hujawahi kuiona, anza na Schenk, maana hadithi inafuatika bila taabu. Ukishaijua, tafuta Chéreau, kwa sababu ndiye aliyenionyesha wachimbaji wakiwa binadamu. Kupfer umtazame ukiwa na nguvu. Copenhagen umtazame ukiwa peke yako, watoto wamelala. Wala usijaribu saa 15 kwa siku mbili. Fanya kama walivyofanya Waingereza, tendo moja kwa juma. Tafsiri ya maneno katika diski nilizo nazo ni ya Kiingereza, basi ukiwa na anayesoma haraka mkalishe karibu awasomee wengine.

Na kuna jambo ambalo Wagner aliweza kulifanya na sisi hatuwezi. Yeye aliurudishia mto dhahabu yake. Ile ya Sekenke iliyokwenda Tabora haitarudi kwenye mwamba. Imelala katika makabati ya Berlin, London na kwingineko, na pengine ni vema ilale huko. Kinachoweza kurudi ni majina. Mgodi wa Sekenke uliendelea kufanya kazi enzi za Mwingereza pia, na watoto na wajukuu wa waliofanya kazi mle wapo Iramba, wapo Shelui, wapo hapa Singida mjini. Wanajua baba au babu aliingia shimoni mwaka gani, alilipwa nini, aliumia wapi.

Brünnhilde wa Copenhagen anaanza kwa kupekua nyaraka. Sisi tunaweza kuanza kwa karatasi moja na kalamu, Jumapili, tukiwa tumekaa na mzee. Walimu wa historia wa mkoa huu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo, kila mmoja alete jina moja na habari yake. Mgodi mwingine umeanza kutoa dhahabu Ikungi tangu mwaka 2023, na maduara ya wachimbaji wadogo yanachimbwa kila siku. Tusipoandika sasa, mjukuu wetu naye atasikia nyundo tu.