Kura Tatu za Jimbo la Magharibi

Treni ya Reli ya Kati inayotoka Tabora kwenda Kigoma hufika Kaliua, na hapo njia hugawanyika: moja huendelea ziwani, nyingine, iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi, hukata kusini hadi Mpanda. Mwaka 1958 stesheni ya Kaliua ilikuwa ndani ya Jimbo la Magharibi la Tanganyika, eneo moja katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lililojumuisha Tabora, Nzega, Kahama, Kigoma na Mpanda.

Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Mpiga kura alipaswa kuwa na miaka 21, na pia awe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa na serikali. Karani wa reli aliweza kuyafikia masharti hayo; mkulima wa vijijini, kwa nadra. Aliyeandikishwa alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akiacha mmoja, kura yake yote iliharibika.

Ulikuwa utaratibu wa dharau, na wengi ndani ya TANU, chama kilichopigania uhuru, walitaka ususiwe. Januari 1958 wajumbe walikutana Tabora kubishana juu ya jambo hilo. Kiongozi wao, Julius Nyerere, aliwashawishi washiriki, na hoja yake ikashinda. Mwanachama mwenzao Zuberi Mtemvu hakukubali. Akajitoa na kuanzisha chama cha African National Congress. Hasira yake ilikuwa na msingi, lakini Nyerere aliona mbali zaidi: TANU ingesusa, viti vyote vingechukuliwa na wapinzani wake.

Mwezi Agosti mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa kuwakashifu mabwana shauri (wakuu wa wilaya wa kikoloni) wawili, ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Fedha ile ile iliyohitajika kumpa mtu haki ya kura kwa kipato chake! Alilipa, akarudi kwenye kampeni.

Septemba, Jimbo la Magharibi lilipiga kura katika awamu ya kwanza. Kiti cha Mwafrika kilikwenda kwa Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, msomi wa Makerere aliyeungwa mkono na TANU. Julai 1959 aliteuliwa kuwa waziri.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulilegeza masharti: kipato kilishuka hadi shilingi 1,500, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili kulitosha. Nchi nzima, walioandikishwa walipanda kutoka takriban 59,000 hadi karibu 885,000.