Stebilaiza na kitulizaji

Mbagala hadi Tandale, Dar es Salaam, stebilaiza ni kile kiboksi kilicho kati ya soketi na friji. Wapo wanaotaka tukiite kidhibiti, lakini hata magendo hudhibitiwa. Kazi ya kiboksi hiki ni kutuliza, kwa hiyo kitulizaji kingefaa zaidi. Watapinga: mbona chalia ta! ta! usiku kucha? Kinachotulizwa ni umeme unaotoka, si kiboksi chenyewe. Volti zikishuka, rilei, yaani swichi iliyo ndani, huruka ghafla kutoka ngazi moja ya koili hadi nyingine; ndio mlio huo. Mruko si kasoro, wala haupingani na kutuliza: mwaka 1983 mtaalamu wa nadharia ya mifumo Roger Brockett alithibitisha kwamba ipo mifumo, kikiwemo kigari cha magurudumu, isiyotulizika mahali pamoja kwa amri laini, isiyoruka, inayotegemea hali ya sasa tu. Kitulizaji kinaweza kurukaruka na jina likakifaa.