Miguu ya Kariakoo: Historia ya Utunzaji wa Miguu ya Wenye Kisukari Dar es Salaam

Utunzaji wa miguu ya watu wenye kisukari ni fani changa Dar es Salaam. Ilishika mizizi katika miaka ya 1990 kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, ng'ambo kidogo tu ya Kariakoo. Kabla ya hapo mguu wenye donda ndugu ulikuwa kazi ya daktari wa upasuaji, na mara nyingi kazi hiyo iliishia kwenye kukata. Kilichobadilika tangu wakati huo si kisu. Ni yale yanayofanyika kabla mgonjwa hajafika kwenye kisu.

Kariakoo yenyewe imejengwa kwa nguvu za miguu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wapagazi wa kikosi cha Carrier Corps waliwekwa katika eneo la soko lililojengwa na Wajerumani, na eneo likabaki na jina lao. Wengi wao walitembea peku. Funza, aliyeingia Afrika kupitia pwani ya Angola mwaka 1872 na kufika pwani ya mashariki karne hiyo ikielekea ukingoni, aliwalemaza wengi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 1927, inawakumbuka wapagazi hao kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Baada ya vita eneo likawa soko la mji, na mwaka 1975 likafunguliwa jengo jipya lililochorwa na msanifu Beda Amuli. Jengo lilibadilika, kazi haikubadilika. Makuli wa soko la chini la Shimoni, wasukuma mikokoteni wa Mtaa wa Kongo, machinga na mama lishe hushinda wamesimama au wakitembea, wengi wakiwa na ndala, yeboyebo au viatu vya mtumba visivyowaenea sawasawa.

Kwa muda mrefu kisukari hakikuhesabiwa kuwa tatizo la watu kama hao. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1922, lakini madaktari wa kikoloni waliamini kwamba Waafrika hawapati kisukari ila kwa nadra. Mtazamo huo ulianza kupimwa kwa takwimu baada ya uhuru. Kliniki ya kisukari ya Muhimbili, chini ya Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao, iliandikisha na kufuatilia wagonjwa wapya 1,250 kati ya mwaka 1981 na 1987. Mwaka 1989 timu hiyo ilitoa matokeo ya upimaji wa vijijini: wenye kisukari hawakufika asilimia 1 ya watu wazima.

Mjini hali ilikuwa nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Shari, mkoani Kilimanjaro, na Ilala, wilaya ambayo Kariakoo imo ndani yake. Shari walikuwa na kisukari asilimia 1.7 ya wanaume na 1.1 ya wanawake. Ilala ilikuwa asilimia 5.9 na 5.7. Kisukari kilikuwa kimeshakuwa ugonjwa wa mtaani.

Ukubwa wa tatizo la miguu ulijulikana karibu wakati huohuo. Katika miaka ya 1997 na 1998, Zulfiqarali Abbas na wenzake walichunguza wagonjwa wa kisukari 627 pale Muhimbili. Kati yao 92 walikuwa na vidonda vya miguu, na 30 kati ya hao walikatwa kiungo. Karibu watatu kati ya kila kumi waliokatwa walifariki. Hata hivyo kukimbia upasuaji hakukuwa salama: miongoni mwa waliokuwa na vidonda vilivyooza sana na hawakufanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu walifia hospitalini. Wengi walikuwa wamechelewa kufika. Walianza na dawa ya duka, wakajaribu ya kienyeji, wakaja hospitali usaha umeshapanda.

Kuchelewa huko kuna sababu iliyo ndani ya ugonjwa wenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka, neva ndefu za mwili huharibika, nazo ndizo zinazofika kwenye vidole vya miguu. Mwanzoni mgonjwa husikia miguu ikiwaka moto, ikichomachoma, au kama siafu wanatembea juu ya ngozi, hasa usiku. Baadaye huja ganzi, na maumivu yakapungua. Wengi hudhani wamepona, kumbe hapo ndipo hatari inapoanza. Msumari hupenya ndala mtu asijue. Kokoto hukaa ndani ya kiatu kutwa nzima. Mwaka 2005 madaktari wa Muhimbili waliripoti wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, bila kusikia lolote mpaka walipoamka na kuona jeraha.

Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2004 kati ya wagonjwa wenye vidonda vya miguu wa Ujerumani, Dar es Salaam na Chennai, India, ulionyesha kwamba karibu nusu ya Wajerumani walikuwa na mishipa ya damu iliyoziba miguuni. Dar es Salaam na Chennai idadi hiyo ilikuwa ndogo zaidi. Huku mguu ulipotea zaidi kwa ganzi, jeraha na uambukizo, mambo yanayoweza kuzuiwa bila mitambo ya gharama.

Juu ya msingi huo ulijengwa mradi wa Step by Step, ulioanza mwaka 2004 Tanzania na katika nchi za Asia Kusini, ikiwemo India. Nchini ulianza na vituo 15, kila kituo kikileta daktari na muuguzi wa kufundishwa pamoja ili wakafundishe wengine. Walichojifunza ni kazi ya mikono. Mgonjwa huvuliwa viatu vyote viwili na kufumbishwa macho, kisha uzi mgumu wa nailoni hugusishwa kwenye kidole gumba na unyayo mpaka upinde. Akiusikia husema. Akinyamaza, mguu wake huandikwa kuwa wa hatari. Mhudumu hupapasa mapigo ya damu juu ya mguu, hupunguza sugu kwa wembe wa hospitali, hukagua katikati ya vidole, na hutia mkono ndani ya kiatu kutafuta kilichojificha. Mwenye kidonda huzuiwa kukanyagia sehemu hiyo, kwa kuwa hakuna dawa inayoponya kidonda kinachokanyagwa kila siku.

Maumivu nayo yalipata utaratibu wake. Msingi ni kuishusha sukari. Yakizidi, daktari huandika dawa zinazotuliza neva, kama amitriptilini au gabapentini, maana dawa za kawaida za maumivu husaidia kidogo. Vitamini B, zinazonunuliwa sana madukani, hufaa tu pale mwili umepungukiwa, jambo linaloweza kuwapata wanaotumia metfomini kwa muda mrefu. Shavu la mguu linalouma mtu akitembea na kutulia akisimama huashiria damu isiyofika vizuri, si neva, na huhitaji uchunguzi mwingine.

Mafunzo hayo yaligusa pia mazoea ya nyumbani. Kukanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi kumewaunguza wengi wasiosikia joto. Maji yanayobaki katikati ya vidole baada ya kuoga au kutia udhu hulainisha ngozi na kukaribisha fangasi. Kutembea peku ndani ya nyumba si salama zaidi kuliko nje. Kiatu hununuliwa jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na huchaguliwa kile kipana chenye soli ngumu na kilichofunikwa mbele.

Mwenye kisukari anayeshinda Kariakoo hahitaji kifaa chochote cha kuanzia. Anahitaji kukagua nyayo kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani. Akiona kidonda, wekundu, uvimbe au joto lisilo la kawaida, afike kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama hapaumi.